Mhusika Akifa, Azikwe

Dadu ya kwanza ilisimama kwenye 7. Ya pili, 12. Ya tatu ikaviringika, ikagonga kikombe cha chai, ikatulia ikionyesha 1. Mbaruku, askari mzee tuliyekuwa naye kwa mwaka mzima na ushei, aliyebaki peke yake darajani ili wenzake wapate kumburuta majeruhi wao hadi ng'ambo, alikuwa amekufa. Meza nzima kimya, feni tu inasikika. Nami, msimulizi wa mchezo, nikatamka maneno ninayoyajutia mpaka leo: "Pole, kaka. Chukua karatasi nyingine, tutakuingiza chumba kinachofuata."

Kabla hajaishika hata kalamu, wenzake walishaanza kugawana. Huyu upanga, yule viatu vya kunyatia, mwingine anauliza mkobani mna dhahabu kiasi gani. Mwenye Mbaruku akaikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni, akasema amechoka. Kikao kilichofuata hakuja. Na kile cha baada yake.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Dungeons & Dragons na ndugu zake ni michezo ya kuigiza ya mezani. Wanakaa watu wanne au watano, kila mmoja na mhusika aliyemwandika kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, alikotoka, anachokiogopa. Mmoja wao ndiye msimulizi. Huyo anaisimulia dunia, anawasemea maadui na wapita njia, na jambo likiwa na mashaka dadu ndizo zinazoamua. Kampeni moja, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, inaweza kwenda miaka. Sisi tunakutana Dar es Salaam, Jumamosi usiku. Dadu zetu alituletea shemeji kutoka Uingereza. Kabla ya hapo tulitumia programu ya simu, na kwa kweli si sawa. Kifo kinachotangazwa na kioo cha simu hakina uzito wa kile unachokiona kinaviringika mbele yako.

Wasimulizi tukikutana, kifo cha mhusika tunakijadili kama suala la hesabu. Kiwe chepesi au kigumu? Dadu zirushwe hadharani au nyuma ya pazia? Kumrudisha marehemu kugharimu kiasi gani? Ni maswali ya haki na nitayagusa. Lakini baada ya Mbaruku nimeamini kwamba meza nyingi zinaharibikia baada ya kifo, si kabla yake. Kuua tunajua. Kuzika ndiko tusikokujua.

Tabia hii ina asili yake. Mchezo ulipotoka mwaka 1974, vijitabu 3 ndani ya sanduku, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson iliyochapishwa na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, mhusika alitengenezwa kwa dakika chache tu. Unarusha dadu 3 mara 6, unaandika namba, unachagua kazi yake, unamnunulia kamba na mienge, safari inaanza. Uhai wake wa mwanzo ulitokana na dadu 1 ya pande 6, na pigo la upanga nalo lilirushiwa dadu hiyo hiyo. Kufa kwa pigo la kwanza kabisa halikuwa jambo la ajabu, na hakuna aliyelia, maana aliyekufa hakuwa mtu bado. Mwaka 1975 Gygax alipeleka kwenye mashindano ya Origins kaburi lililojaa mitego, Tomb of Horrors. Humo ukutani imechongwa sura ya shetani, ya kijani, kinywa wazi, ndani giza tupu. Anayejitia kinywani humo anatoweka. Hakuna dadu ya kumwokoa.

Katika mchezo wa namna ile, "chukua karatasi nyingine" ni jibu sahihi kabisa, na wanaoucheza hivyo mpaka leo sina ugomvi nao. Dungeon Crawl Classics ya 2012 inampa kila mchezaji wanakijiji kadhaa wasio na ujuzi wowote wa vita, mkulima, mtengeneza jibini, mchimba makaburi, kisha inawatumbukiza wote kwenye hatari moja. Atakayetoka hai ndiye mhusika wako. Paranoia ya 1984 inakupa nakala 6 za mtu yule yule. Makubaliano yanajulikana tangu mlangoni.

Ila sisi wengi hatuchezi hivyo. Mhusika wa siku hizi anakuja na kurasa mbili za maisha yake: mama aliyemwacha kijijini, deni analolikimbia, binti asiyemwona tangu vita. Mwenyewe anajua anavyocheka na anavyokunywa uji. Tumemfanya mhusika kuwa mtu, halafu tumebaki na mazishi ya enzi za karatasi ya dakika tano.

Kanuni nazo hazikusaidia. Toleo la 5 la Dungeons & Dragons, la 2014, limekirefusha kifo. Mhusika akiishiwa pointi za uhai anaanguka tu, hafi papo hapo, isipokuwa pigo liwe kubwa kupita kiasi. Kila zamu yake ikifika anarusha dadu ya pande 20. Kuanzia 10 amefaulu, chini ya hapo ameshindwa. Akifaulu mara 3 anatulia. Akishindwa mara 3 amekwenda. Ikitoka 20 anainuka na pointi 1. Ikitoka 1 inahesabiwa kushindwa mara 2, na hivyo ndivyo Mbaruku alivyomalizika. Ni kanuni nzuri mno, watu wote wanaikodolea macho dadu moja. Tatizo ni kwamba mara nyingi haipewi nafasi ya kufika mwisho. Kasisi, mhusika mwenye dua za kuponya, ana dua ndogo ya ngazi ya 1, anaitamka akiwa futi 60 mbali, na bado anabakiwa na nafasi ya kupiga katika zamu hiyo hiyo. Aliyeanguka anasimama na pointi zake chache, anapigana kana kwamba hakuna kilichompata, anaanguka tena, anainuliwa tena. Nimesimamia pambano ambalo mtu mmoja alianguka mara nne. Mara ya nne, waliobaki walikuwa wanaangalia simu zao.

Akifa kweli, kuna orodha ya bei. Kasisi wa ngazi ya 5 anamrudisha aliyekufa ndani ya dakika 1 kwa almasi za thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Kasisi wa ngazi ya 9 anaweza kurudi nyuma siku 10, kwa almasi ya 500. Dua kubwa kuliko zote inafika miaka 200 na kula almasi za 25,000. Kanuni za 1978 zilikuwa na hofu zaidi: aliyerudishwa alirushiwa asilimia kulingana na afya yake, akikosa basi, na hata mwenye bahati alikuwa na kikomo cha idadi ya kurudi. Siombi tuzirudie hesabu zile, zilikuwa na ukatili wake. Ninachosema ni kwamba dhahabu haiwezi kuwa gharama ya kifo katika mchezo ambao dhahabu inaokotwa kila kona.

Hapa pana jambo la lugha pia, na mnaocheza kwa Kiswahili nadhani mmekutana nalo. Kitabu kinazungumza juu ya kufufua kama fundi anavyozungumza juu ya kubadilisha betri. Siku ya kwanza tulipolitamka neno hilo mezani, dada mmoja aliweka dadu yake chini. Kwa Waislamu na Wakristo walioizunguka meza ile, ufufuo una mwenyewe na una siku yake. Tukakubaliana kusema "kurudishwa". Neno limebadilika kidogo tu, lakini mchezo ulibadilika nalo, kwa sababu aliyerudishwa ana alikotoka na kuna aliyemruhusu. Tangu hapo hakuna anayerudi mezani kwetu bila kuulizwa ameona nini.

Sasa kuchakachua. Wasimulizi wengi wakiona kifo kinakuja wanajificha nyuma ya pazia. Ile karatasi ngumu tunayoisimamisha mbele yetu ili kuficha ramani inaficha na dadu zetu, na hapo ni rahisi: imetoka 19, unasema "amekosa". Nilifanya hivyo kwa miaka, nikijiambia ni huruma. Katika kampeni iliyotangulia hii, mchezaji mmoja aliinuka kwenda kumimina chai, akapita nyuma yangu wakati ule ule ninamwokoa mhusika wake kwa uongo. Aliiona dadu. Hakugomba. Aliniuliza taratibu tu, "Na lile joka la pangoni, kaka, nalo ulikuwa wewe?"

Joka lile walilishinda wenyewe, kwa akili yao na kwa dadu halali, sikugusa kitu. Nikamwambia hivyo. Nikaona usoni kwake kwamba anataka kuniamini na hana tena pa kushika. Siku hiyo nilielewa kwamba nilipokificha kifo kimoja niliwaibia na ushindi wote uliokitangulia.

Kama msimulizi hataki watu wafe kwa mshale wa jambazi wa njiani, aseme mapema na abadilishe kanuni mbele ya wote. Mifano ipo, tena iliyoandikwa kwa ustadi. Katika Dungeon World, nayo ya 2012, aliye kwenye pumzi ya mwisho anarusha dadu 2 za pande 6. Akipata 10 na zaidi ameponyoka. Kati ya 7 na 9 Mauti mwenyewe anamtokea na kumpa sharti. Chini ya hapo safari imefika. Daggerheart ya 2025 inamwachia mchezaji achague mwenyewe: afe kwa tendo moja la mwisho lisiloweza kushindwa, au azirai na pengine ainuke na kovu la kudumu, au acheze pata potea na dadu 2, moja ya tumaini na moja ya hofu. Hizi nazipenda kwa sababu mwenye mhusika ndiye anayeulizwa. Lakini hata hizo zinaishia pale pumzi inapokatika. Baada ya hapo kitabu kinanyamaza, na sisi tunafanya lile nililolifanya mimi.

Kifo kilichotunzwa vizuri kipo, kila mtu anaweza kukitazama. Critical Role ni kipindi cha waigizaji wa sauti wa Marekani wanaocheza mbele ya kamera, na wakati huo Matthew Mercer ndiye aliyekuwa msimulizi wao. Julai 2018 wachezaji watatu hawakuwepo mezani. Katika hadithi wahusika wao walikuwa wametekwa na wauza watumwa, kasisi wa kundi akiwa mmoja wao. Waliobaki wakaamua kuwavizia watekaji. Mollymauk Tealeaf, mhusika wa Taliesin Jaffe, alitumia uwezo unaomlipisha damu yake mwenyewe, ukamwangusha. Lorenzo, kiongozi wa watekaji, akammalizia pale pale chini. Mercer angeweza kumpeleka Lorenzo kwa mtu mwingine, au kumfanya adharau maiti na kuondoka. Hakufanya hivyo. Wala hakuwaharakisha walionusurika. Walimzika kando ya njia, koti lake la rangi nyingi wakaliacha kaburini, wakaendelea kuwatafuta wenzao wakiwa wamebeba pengo lile. Jaffe alirudi na mtu mwingine kabisa, Caduceus Clay, kasisi ambaye ukoo wake kazi yao ni kutunza makaburi. Mimi nikiliona hilo naona mchezaji ambaye hakuombwa asahau.

Turudi kwa Mbaruku. Wiki ya tatu nilimfuata rafiki yangu nyumbani kwake. Alikuwa amemzika baba yake mwezi mmoja na siku kadhaa kabla ya usiku ule wa darajani. Nilijua, maana nilikuwepo. Nilikaa chini ya turubai, nilibeba viti. Na bado Jumamosi ile halikunipitia akilini niulize kama yuko tayari kumzika mtu mwingine, hata wa karatasi. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote ninayoyaandika hapa.

Nikamwambia, "Kaka, nisamehe. Nilidhani umenuna kwa sababu nimemuua."

Akatikisa kichwa. "Kufa siyo neno. Kubaki darajani nilichagua mwenyewe, na ningechagua tena. Ila mlimvua viatu, ndugu yangu. Hajapoa, mmeshamvua viatu."

Alinyamaza kidogo, akaendelea. "Kwa mzee, hata saa yake hakuna aliyeigusa mpaka tulipoanua tanga."

Kikao kilichofuata alikuja, nasi tukarudi nyuma hadi darajani. Nikatangaza kwamba upanga, viatu, dhahabu, kila kitu kimerudi mwilini mwake. Mto unavuma, mazimwi yamekimbia, mwenzenu amelala hapa, mnafanyaje? Usiku mzima hatukurusha dadu hata moja. Kasisi akauliza kwao Mbaruku wanazika vipi, na swali lile sikulijibu mimi, nilimwachia mwenyewe. Akafikiri, akasema kwao marehemu huelekezwa mtoni, kichwa juu ya jiwe alilolichagua mdogo kuliko wote waliopo. Mdogo wao alikuwa yule mwizi, ndiye aliyevichukua viatu. Dada anayemwigiza akaeleza anavyoshuka hadi kwenye maji, analiacha jiwe hili, anainua lile, miguu yake peku. Sauti ilimkatika katikati ya maelezo.

Nilikuwa nimemwandalia rafiki yangu mtu wa kumwigiza usiku huo, asikae akitazama tu: mvushaji wa mto, mzee mwenye mashua inayovuja, aliyewakuta wakichimba kwa mikono akawapa jembe. Yeye ndiye aliyewauliza wengine, kama mgeni anavyouliza msibani, huyu alikuwa nani kwenu. Kila mmoja ilibidi aseme neno. Yakatoka mambo ambayo mimi msimulizi sikuwa nayajua: kwamba mganga alikuwa anamwogopa Mbaruku miezi yote ile, kwamba kasisi alimkopa dhahabu na hakulipa. Upanga haukugawiwa. Waliamua kumpelekea binti yake, na uamuzi huo ukatupa vikao vitano vya safari nisivyokuwa nimevipanga.

Msimulizi mwenzangu mmoja ananiambia nimezidisha, kwamba mhusika ni namba kwenye karatasi na watu wazima wamekuja kucheza. Namsikia. Lakini Jumamosi ambazo mtu amezikaa na Mbaruku si za kubuni, ni saa za maisha yake, na wenzake aliozikaa nao ni watu kweli. Na kwa upande wa mchezo wenyewe, nisiongelee moyo wa mtu yeyote, kifo kisicho na mazishi ni hadithi iliyotupwa. Umempoteza mhusika na bado hukupata kitu.

Siku hizi kabla ya kampeni kuanza, kabla hata ya kutengeneza wahusika, tunakaa kikao kizima cha kuzungumza: je, wahusika watakufa hapa, kwa sababu zipi, nani ana la moyoni ambalo hataki liguswe. Lakini kuuliza mara moja mwanzoni hakutoshi, maana msiba hauna ratiba. Kila Jumamosi wakati maji yanachemka napita kwa kila mtu. Ana mgonjwa hospitali? Nyumbani salama? Akisema leo siwezi kuona mtu anakufa, basi leo mazimwi yanateka nyara, hayaui, na hilo nalitangaza mbele ya wote. Anayefiwa na mhusika namwacha achague kama anataka kuondoka mapema au kukaa, na akikaa namtafutia mtu wa kumwigiza. Mhusika wake mpya haji usiku ule ule. Na haji akiwa pacha wa marehemu mwenye upanga ule ule. Hilo tu ndilo nalikataa kabisa.

Mhusika mpya wa rafiki yangu akawa yule mvushaji. Siku ya saba tangu kifo, kwa hesabu ya mchezo, kundi lilifika kwenye mji wa binti, likampa upanga mbele ya majirani. Mjini hapo palikuwa na hekalu, na hekaluni kasisi mkuu mwenye dua ya kurudisha waliokufa ndani ya siku 10. Almasi ya 500 walikuwa nayo. Waliitoa mezani kwa furaha, kisha wakanigeukia mimi.

Nikawasomea sharti la dua lenyewe, lililomo kitabuni: roho iwe huru, na iwe radhi kurudi. Nikamgeukia aliyekuwa na haki ya kuijibu. Aliomba apewe wiki moja.

Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi yake ya zamani, mikunjo yake ile ile, akaifungua mezani, akaisoma kimya toka juu hadi chini. "Binti ameshaupokea upanga," alisema. "Akirudi leo, amnyang'anye?" Akaikunja tena. Almasi wakaiuza sokoni, wakamnunulia mvushaji mashua isiyovuja.